Mbwa achanjwe kwanza, ndipo twende maporomoko ya Tana

Vuli inapoingia, Garissa hubadilika sura. Upepo mkavu wa hagaa, kiangazi cha Julai hadi Septemba, hupungua, mawingu hujikusanya, na siku chache baada ya mvua ya kwanza ardhi iliyokuwa na rangi ya vumbi huota majani. Msimu huu wa Oktoba hadi Desemba wafugaji wa Kisomali huuita deyr, na kwa mtu apendaye kutembea kwa miguu sijui wakati ulio bora zaidi wa kuufuata Mto Tana kuelekea juu. Penye mji mto hupita tambarare, mzito wa udongo, bila haraka. Maporomoko yake yako mbali zaidi, kule miamba ya Kora inapoubana na kuulazimisha kurukia chini. Hapo ndipo yalipo Maporomoko ya Adamson, kwenye pembe ambapo Mbuga ya Taifa ya Kora inapakana na ile ya Meru. Wakenya wengi wanalijua jina hilo kwa sababu ya George Adamson, mzee wa simba aliyehamia Kora mwaka 1970 na kuuawa huko kwa risasi tarehe 20 Agosti 1989. Kora ilikuwa hifadhi tangu 1973, na mwaka mmoja baada ya kifo chake ikapandishwa kuwa mbuga ya taifa. Iko katika Kaunti ya Tana River. Ng'ambo ya mto, kwa upande wa Garissa, ni Hifadhi ya Taifa ya Rahole, ambayo hata wenyeji wa kaunti wengi hawajawahi kuikanyaga.

Natamani waikanyage. Katika miaka ya karibuni vijana wa mijini nchini Kenya wameyapenda matembezi: wanapanda Longonot, wanazunguka vilele vya Ngong, wanaingia misitu ya Aberdare. Jijini Nairobi, katika Msitu wa Karura, mtu huruhusiwa kuingia na mbwa wake akiwa amemfunga kamba, wakafuata njia ya msituni hadi kwenye maporomoko, wakapumzika na kurudi. Ni burudani safi, haimdhuru mtu, na msitu wenyewe ulinusurika mikono ya wanyakuzi wa ardhi kwa sababu watu wa kawaida waliupenda kiasi cha kuupigania. Mapenzi ya aina hiyo yakifika Tana, mto utapata watetezi ambao hauna leo. Lakini kuna jambo moja ambalo Karura imelipita kwa wepesi na Tana haiwezi kulipita, nalo ni mbwa. Ninachodai hapa ni hiki: kaunti za Garissa na Tana River, pamoja na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, zisimkaribishe hata mtembezi mmoja kwenye maporomoko haya kabla ya kuwachanja mbwa wa vijiji na maboma yanayozunguka Kora na Rahole; na mbwa wa mgeni, hata awe amechanjwa namna gani, abaki nje ya mbuga.

Nianze na hilo la pili, kwa kuwa wapenda mbwa watalikasirikia. KWS haikubali wanyama wa nyumbani katika mbuga zake za taifa, na wengi hudhani ni ukali wa kiserikali tu. Sababu yake imeandikwa kwa mizoga ya simba. Mwaka 1994, huko Serengeti, simba walianza kutetemeka, kuyumba kama waliopofuka, kisha kufa. Ugonjwa ulikuwa distempa, maradhi ya virusi yanayowashambulia mbwa. Ulipomalizika, karibu theluthi moja ya simba wa eneo lile walikuwa wametoweka, takriban 1,000. Virusi vilifuatiliwa hadi kwa mbwa wa vijiji vilivyopakana na mbuga, mbwa ambao hawakuwa wamechanjwa. Watafiti waliporudi kuichunguza habari hiyo miaka kadhaa baadaye waliongeza jambo linalotuhusu sisi wa nchi kavu moja kwa moja. Ukame wa 1993 ulikuwa umewadhoofisha nyati, kupe wakawajaa, simba wakala nyama yao kwa wingi na kuambukizwa vijidudu vya damu vilivyoletwa na kupe hao. Distempa ikawakuta simba ambao miili yao tayari imeelemewa. Ukame na ugonjwa wa mbwa vilishirikiana kuua. Kaskazini Mashariki imetoka katika misimu mitano mfululizo ya mvua iliyokosekana, kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, na katika kipindi hicho twiga, swala, ngamia, mbuzi na mbwa walibanana kwenye visima vilevile na kingo zilezile za Tana. Hali iliyowamaliza simba wa Serengeti sisi tunaijua kwa karibu kuliko wao.

Anayeathirika kuliko simba ni mbwa mwitu. Afrika nzima imebaki na wasiozidi 7,000 hivi, nao huishi kwa makundi yaliyoshikamana, wakilambana na kugawana mawindo, kwa hiyo akiugua mmoja wanaugua wote. Makundi ya Maasai Mara na Serengeti yalitoweka kati ya 1989 na 1991, na kichaa cha mbwa kilithibitishwa katika baadhi yao. Mwaka 2017 distempa ilipita Laikipia na karibu kuwafuta mbwa mwitu ambao watu walikuwa wakijivunia kurudi kwao kwa muda mrefu. Garissa ina sehemu yake katika urithi huu: misitu ya Boni, inayoungana na Dodori ya Lamu, ni mojawapo ya mahali wanapoishi bado. Mgeni anayetaka kumtembeza mbwa wake kando ya mto hawezi kujua ni kundi gani lilipita pale usiku uliotangulia.

Hayo ni ya wanyama, na wapo watakaosema wanyama wasubiri. Basi tuje kwa binadamu. Kichaa cha mbwa, mara dalili zake zikishajitokeza, huua karibu kila aliyeambukizwa. Hospitali haina la kufanya zaidi ya kumpunguzia maumivu. Inakadiriwa watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huo kila mwaka duniani, wengi mno wakiwa Afrika na Asia, na katika visa 99 kati ya 100 aliyemwambukiza mtu ni mbwa. Wahanga wakuu ni watoto, kwa sababu mtoto hucheza na mbwa, hukimbia akimwona, na mara nyingi huficha kuwa ameng'atwa akiogopa kugombezwa. Kinga ipo na inajulikana: jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha mtu apate sindano za chanjo bila kuchelewa. Sasa fikiria boma lililoko ndani ya Balambala au Saka, huku Garissa, maji ya kunywa yenyewe yamebebwa na punda kutoka mbali, zahanati iko safari ya siku nzima, na ukifika unaweza kuambiwa sindano hizo ziko Garissa mjini. Katika mazingira hayo njia ya uhakika ya kumwokoa mtoto ni kumchanja mbwa kabla hajamng'ata. Wataalamu wa afya ya dunia wanakubaliana juu ya kipimo: ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, na ukarudia mwaka baada ya mwaka, ugonjwa hukosa pa kupita na hukatika.

Kenya inalijua hilo. Mwaka 2014 serikali ilitoa mkakati wa kutokomeza kichaa cha mbwa nchini ifikapo 2030, na ikachagua kaunti tano za kuanzia: Machakos, Kitui, Makueni, Kisumu na Siaya. Kaskazini Mashariki haikuwamo. Siwalaumu waliochagua, maana mahali pa kuanzia huwa ni pale penye barabara na madaktari wa mifugo. Ila tarehe ya mwisho ya mkakati ni ya nchi nzima, na kaunti haiwezi kungoja zamu yake hadi 2030 ndipo ianze. Kitui, mojawapo ya hizo tano, iko jirani kabisa na Kora. Mbwa haulizi mpaka wa kaunti uko wapi. Fedha zilizotumika upande mmoja zitapotea iwapo upande wa pili umeachwa wazi.

Kwa nini mbwa wa Kaskazini Mashariki amesahaulika? Nadhani sababu kubwa ni kwamba hapa hakuna anayependa kusema kuwa ni wake. Wengi wetu ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na tumefundishwa tangu utotoni kuwa mate ya mbwa ni najisi, kwamba chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Fundisho hilo naliheshimu na sitaki lipunguzwe. Lakini linahusu twahara. Halikumtoa mbwa katika viumbe wenye haki juu yetu, na sharia yenyewe imemruhusu mbwa wa kuchunga mifugo, wa kulinda shamba na wa kuwinda. Mbwa wa Watu wa Pangoni ametajwa ndani ya Kurani, na kila mtoto wa madrasa anakijua kisa cha yule aliyesamehewa madhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Kinachotokea kwetu ni kwamba mbwa hulinda zizi dhidi ya fisi usiku kucha, asubuhi akawa hana mwenyewe. Akiumwa, hana wa kumpeleka popote. Akija daktari wa mifugo, mbuzi huhesabiwa na ngamia huhesabiwa, mbwa hukaa pembeni ya hesabu. Mnyama asiyehesabiwa hawezi kuchanjwa, na asiyechanjwa ndiye anayemng'ata mtoto.

Anayedhani kuwa jamii ya Kiislamu haiwezi kuendesha kampeni ya mbwa atazame Pemba. Kisiwa hicho ni cha Waislamu karibu wote, Washafi kama sisi, na mbwa wake ni wachache. Kichaa cha mbwa kilisambaa huko kuanzia 2010, kikadhibitiwa, kikarudi tena 2016. Wapemba hawakukaa kubishana kama mbwa anastahili. Walichanja, wakafuatilia kila tukio la kung'atwa, wakajua ugonjwa umetoka kwa mbwa gani kwenda kwa nani, na mwaka 2018 ukakatika. Hakuna aliyelazimika kumkumbatia mbwa wala kumwingiza nyumbani. Mwenye mbwa alimleta kwa kamba, akachomwa sindano, akarudi naye. Kwa Garissa ningetaka maimamu wahusishwe tangu siku ya kwanza, waitangaze chanjo baada ya sala ya Ijumaa kama wanavyotangaza mambo mengine ya afya, kwa sababu neno lao likitangulia, yule mzee anayeona aibu kukiri kuwa mbwa wa zizini ni wake atakuwa na ruhusa ya kumleta.

Pingamizi linalonishughulisha zaidi ni la wafugaji kuhama. Asilimia 70 ni rahisi kuitaja Pemba, kisiwa kilichozungukwa na bahari, watasema, lakini utawafikiaje mbwa wanaofuata ngamia kutoka Tana hadi mpaka wa Somalia na kurudi? Swali ni la haki, na jibu lake liko katika historia ya eneo hilihili, historia ambayo inanishangaza kuwa haisimuliwi katika kila shule ya Garissa. Sotoka, ugonjwa ulioangamiza ng'ombe wa Afrika tangu mwisho wa karne ya 19, ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Ni ugonjwa wa pili tu katika historia ya binadamu kufutwa kabisa, baada ya ndui. Ngome yake ya mwisho ilikuwa ardhi hii ya Wasomali inayounganisha Kaskazini Mashariki ya Kenya, kusini mwa Somalia na mashariki ya Ethiopia, na mlipuko wa mwisho uliothibitishwa ulikuwa wa mwaka 2001, kwa nyati wa Mbuga ya Meru, hatua chache kutoka Maporomoko ya Adamson. Wafugaji wanaohama, ambao wakubwa wa ofisini waliwaona kizuizi, ndio waliosaidia kuumaliza. Katika maeneo ya wafugaji ya Pembe ya Afrika chanjo iliyostahimili joto ilibebwa na vijana wa jamii zenyewe, waliofunzwa kuhudumia mifugo, wakaifikisha kwa miguu na kwa punda mahali ambapo gari la serikali halijawahi kufika. Walijua nani amehamia wapi, na walijua njia za maji.

Sotoka inatufundisha pia bei ya kuchelewa. Hirola, swala ambaye makao yake ya asili ni Garissa na ng'ambo ya mpaka tu, walikuwa zaidi ya 10,000 katika miaka ya 1970. Katikati ya miaka ya 1980 ukame na sotoka iliyotoka kwa mifugo viliwapiga pamoja, na idadi yao haijainuka tena. Leo hawafiki 500. Wananchi wa Ijara wametenga ardhi yao ya Ishaqbini na kujenga uzio ili kuwaokoa waliobaki, kazi inayostahili heshima kubwa, na ambayo isingehitajika kwa kiwango hicho kama chanjo ingewahi. Mbwa mwitu wa Boni wasipelekwe njia hiyo.

Tukirudi kwenye kuhama, uhamaji una kalenda, na kalenda hiyo inaweza kutusaidia. Wakati wa hagaa, kuanzia Julai hadi Septemba, malisho ya mbali hukauka na familia husogea kwenye Tana, kwenye visima na mabwawa machache yasiyokauka. Mbwa nao husogea. Deyr ikinyesha, wote hutawanyika, na kuwatafuta tena ni kazi ya miezi. Kwa hiyo dirisha la kuchanja ni Septemba, wakati ambapo mahali pachache hukusanya wengi. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa tarehe 28 Septemba, na kwa nchi yetu ingekuwa vigumu kuchagua tarehe inayofaa zaidi. Mbwa aliyechanjwa mwishoni mwa Septemba huwa amejenga kinga yake kufikia mwisho wa Oktoba, yaani pale mtembezi wa kwanza wa vuli anapoanza kufunga mkoba. Joto la Garissa, ambalo hupita nyuzi 35 mchana, si kikwazo kama lilivyokuwa zamani. Utafiti uliofanywa Tanzania ulionyesha kuwa chanjo ya kichaa cha mbwa inayotumika sana inaweza kukaa nje ya friji miezi kadhaa katika nyuzi 25 hadi 30 bila kupoteza nguvu, na wenzetu hao wamejaribu hata vyungu vya udongo vinavyopozwa kwa maji ili kuihifadhi vijijini. Chungu cha udongo Garissa hakihitaji zabuni ya kimataifa.

Wapo watakaotaka njia ya mkato, kuwapiga risasi au kuwatilia sumu mbwa wanaozurura. Njia hiyo imejaribiwa na imeshindwa. Kichaa kilipoingia kisiwa cha Bali mwaka 2008, wakuu walianza kwa kuua mbwa kwa maelfu, na ugonjwa ukaendelea kusambaa hadi walipogeukia chanjo ya jumla. Sababu si ngumu kuielewa. Ukiondoa mbwa mia leo, chakula walichokuwa wakila kwenye machinjio na majalala bado kipo, na wengine watakuja kukila, wageni, wasiochanjwa. Watu huwaficha mbwa wao au kuwahamisha, nao huhama na ugonjwa. Hapa kwetu sumu ina ubaya wa ziada. Nyama iliyotiwa sumu haiishii kwa mbwa. Fisi huila, tai huila, na tai ndio wanaosafisha mizoga wakati wa ukame kabla haijachafua maji. Ukitaka mbwa wapungue mjini, simamia uchafu wa machinjio. Ng'ombe na ngamia wanaouzwa katika soko la mifugo la Garissa ni wengi kuliko karibu soko lolote la kanda hii, na mabaki ya kichinjio yakiachwa wazi ni karamu ya kila siku.

Nakubali kuwa wakati wa njaa mtu anaweza kuona haya kuzungumzia mbwa na maporomoko. Kaunti hizi zimepigwa na ukame, kisha na mafuriko ya vuli ya 2023 na ya masika ya 2024, wakati Tana ulipokata barabara ya Nairobi na watu kuvuka kwa mashua kati ya Madogo na Garissa, wengine wasifike ng'ambo. Fedha ni chache na vidonda ni vingi. Lakini sitaki safari mpya wala gari jipya kwa ajili ya mbwa. Serikali ya kitaifa imetangaza mpango wa kuchanja ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50 nchini, na vikosi vyake vinapofika kwenye maboma ya Kaskazini Mashariki huwa vimeshagharimia mafuta, posho na muda. Mbwa wa boma hilo amelala kivulini, mita chache kutoka kwa mbuzi wanaochanjwa. Kuongeza kisanduku kimoja cha chanjo yake katika gari hilohilo ni gharama ndogo ukilinganisha na sindano nyingi za mtu mmoja aliyeng'atwa, na ni ndogo mno ukiilinganisha na mazishi. Mfugaji naye atafaidika, kwa maana kichaa cha mbwa hakiui watu na mbwa peke yao. Punda, ng'ombe na ngamia nao huambukizwa waking'atwa, na ngamia mmoja akifa familia hupoteza maziwa ya mwaka.

Anabaki mgeni wa Nairobi na mbwa wake mzuri, mwenye kadi ya chanjo iliyojaa mihuri, aliyezoea kwenda naye Karura. Atauliza kosa lake ni nini. Hana kosa, ila Karura ni msitu ndani ya jiji, hauna simba wala mbwa mwitu. Kadi yake inaweza kuthibitisha chanjo ya kichaa cha mbwa, lakini kupe anaowabeba na minyoo aliyonayo hawaandikwi katika kadi, na harufu anayoiacha njiani huwafukuza wanyama ambao mgeni huyo amesafiri kilomita nyingi kuja kuwaona. Kuna usalama wake mwenyewe vilevile. Mbwa akifika ukingoni hushuka kunywa, na Tana wa Kora una mamba. Una viboko wanaotoka majini jioni kula majani. Wakati wa deyr, mvua ikinyesha sana nyanda za juu na mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yakijaa, maji yanayoachiliwa huja kwa nguvu hata kama anga la Kora liko wazi kabisa, na mwamba uliokuwa mkavu asubuhi huweza kuwa chini ya maji mchana. Mtu aliyefunzwa na askari wa KWS anaweza kuambiwa arudi nyuma akarudi. Mbwa aliyeona swala haambiliki.

Ndiyo maana pendekezo langu kwa watakaoandaa matembezi haya ni kwamba katika vijiji vya pembezoni, Asako kwa upande wa Tana River na Saka kwa upande wa Garissa, paandaliwe pahala penye kivuli na maji ambapo mbwa wa wageni watatunzwa kwa ada, na ada hiyo ibaki kijijini. Vijana watakaowaongoza wageni hadi kwenye maporomoko wafunzwe pia kuchanja mbwa, kuandika daftari la kila boma na kutoa taarifa ya mbwa yeyote anayeonyesha dalili, kama vijana wa sotoka walivyofunzwa kabla yao. Idara za mifugo za kaunti mbili zikae mezani na KWS na kugawana maeneo, nani achukue ukingo wa kaskazini na nani wa kusini, na Kitui ialikwe kwa kuwa ina uzoefu wa miaka. Distempa iongezwe kwenye chanjo ya mbwa wanaoishi jirani kabisa na mbuga, kwa sababu kule ndiko simba na mbwa mwitu wanakoweza kukutana nao. Kazi ya kuhesabu mbwa inaweza kuanza hagaa hii, boma kwa boma, bila kungoja bajeti. Dozi zenyewe zinapaswa kuwa zimeagizwa kufikia mwisho wa Agosti ili zifike Garissa kabla wafugaji hawajaondoka mtoni.